Kila mdudu ana dawa yake: maneno ya hospitali tunayoyachanganya

Ninaandika kutoka Lubondja, hapa kwetu Fizi. Leo sitaandika mahubiri. Nataka tuzungumze juu ya maneno: yale tunayoyasikia tukipeleka mtoto kwenye kituo cha afya, tunayarudia nyumbani, tunayatangaza hata kanisani, lakini mara nyingi kila mtu anayaelewa kwa njia yake. Nimejifunza kwa uchungu kwamba neno lisiloeleweka linaweza kumuua mtu.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Msimu mmoja wa mvua, mama wa kanisa letu alinijia usiku. Mtoto wake wa miaka mitatu alikuwa na homa kali. Nikamwombea. Kisha nikakumbuka kwamba ndani ya nyumba nilikuwa na vidonge vya amoksisilini vilivyobaki nilipotibiwa kikohozi. Nikawaza: mtoto ana mikrobe, na hii ni dawa ya mikrobe. Nikampa. Mama akashukuru, akaenda zake. Siku ya tatu mtoto alikuwa mweupe viganjani na kwenye midomo, hawezi kukaa. Tukambeba kwa piki mpaka kwa waganga. Wakamchoma kidole, wakapima damu: malaria, tena ile kali, na damu ilikuwa imepungua sana. Ilibidi aongezewe damu. Mungu alitusaidia, mtoto akapona, na leo anasoma shule.

Nilipokiri kwa muuguzi yale niliyofanya, hakunigombeza. Aliniambia tu: «Mchungaji, dawa yako ilikuwa nzuri, ila haikukuta mtu wa kupigana naye.» Maneno hayo yamenikaa moyoni. Nimesoma teolojia miaka mingi, ninajua kutofautisha neno na neno katika Maandiko, lakini sikujua tofauti ya bakteria na kimelea. Basi tujifunze pamoja.

Munganga, daktari na mfumu

Hata kabla ya kufika kwenye ugonjwa, tunachanganyikiwa juu ya anayetibu. Kwetu Kivu, munganga ni mtu wa hospitali, awe daktari au muuguzi. Lakini ndugu zetu waliokaa miaka mingi kambini Nyarugusu au Lugufu, upande wa Tanzania, walirudi na Swahili nyingine. Kule mganga ni mtu wa mitishamba na ramli, yule ambaye sisi tunamwita mfumu. Wa hospitali kule ni daktari. Kwa hiyo ukimwambia bibi aliyetoka Nyarugusu, «Mpeleke mtoto kwa mganga», usishangae akikutazama vibaya: mchungaji gani huyu anayetuma watu kwa waganga? Tukitangaza kanisani, tuseme wazi: kituo cha afya, hospitali, muuguzi, daktari.

Mdudu ni jina la ukoo, si jina la mtu

Tunasema «mtoto ana mdudu», «ana mikrobe katika damu». Si uongo, lakini ni kama kusema «mtu mmoja wa Fizi ameiba mbuzi wangu». Mtu gani? Mikrobe, au vijidudu, ni jina la viumbe vyote vidogo ambavyo jicho haliwezi kuviona bila hadubini. Ndani ya ukoo huo kuna jamaa mbalimbali, na dawa ya mmoja haimgusi mwingine.

Wa kwanza ni bakteria. Huyu ni kiumbe hai kamili, ana mwili wake, anakula, anajigawa na kuzaa mwenyewe. Ni mdogo sana: ukiwapanga elfu moja kwa mstari, mstari huo utakuwa na urefu wa milimita moja au mbili tu. Wengi wao hawana ubaya, wengine wanaishi tumboni mwetu na kutusaidia. Lakini wako wabaya: kipindupindu, ambacho wengi tunakiita kolera, kinaletwa na bakteria. Kifua kikuu pia, na tifoide, na pepopunda. Mjerumani Robert Koch alitangaza mwaka 1882 kwamba amempata bakteria wa kifua kikuu. Kabla ya hapo watu wa Ulaya walidhani ugonjwa huo unarithiwa katika ukoo. Tusicheke wazee wetu peke yao.

Wa pili ni virusi. Huyu ni mdogo zaidi, mara nyingi hata mara kumi kuliko bakteria. Hana uwezo wa kuzaa mwenyewe. Ni lazima aingie ndani ya seli, yaani vile vyumba vidogo vinavyojenga mwili, na kuigeuza iwe kiwanda chake. Ni kama mwizi asiye na shamba wala jembe: anaingia katika shamba lako na kukulazimisha umlimie. Surua ni virusi. Polio ni virusi. VVU, Ebola, Korona, na mpox ni virusi.

Wa tatu ni vimelea. Hawa wanaishi ndani ya mwili wa mwingine na kunyonya kwake. Minyoo ni vimelea wanaoonekana kwa macho. Kimelea wa malaria anaitwa plasmodiamu, naye haonekani bila hadubini. Mbu jike wa aina ya anofelesi anamtia mwilini, anakwenda kwanza kwenye ini, kisha anaingia katika chembe nyekundu za damu, anazaliana humo na kuzipasua. Ndiyo maana yule mtoto alikuwa mweupe. Mfaransa Laveran alimwona kimelea huyu katika damu ya askari kule Algeria mwaka 1880, na mwaka 1897 Mwingereza Ross, kule India, akamwona ndani ya mbu. Zamani watu walidhani malaria inatoka katika hewa mbaya ya mabwawa, na jina lenyewe kwa Kiitaliano lina maana hiyo: hewa mbaya. Jina limebaki, maana yake imepitwa na wakati.

Wa nne ni kuvu, jamaa wa ule ukungu unaoota juu ya mkate wa zamani. Mashilingi ya kichwani kwa watoto yanatoka kwake.

Homa si ugonjwa

Hapa ndipo wengi tunapojikwaa. Kuna ugonjwa, na kuna dalili. Dalili ni alama ambayo ugonjwa unaonyesha. Moshi ni dalili, moto ndio ugonjwa. Homa ni moshi. Sisi tunasema «nina homa» tukimaanisha malaria, kwa sababu malaria ni nyingi kwetu. Lakini homa inaweza kutoka kwa malaria, tifoide, nimonia, surua, kidonda kilichooza, au Ebola siku zake za mwanzo. Vivyo hivyo kuhara, kutapika, kichwa kuuma na damu kupungua: zote ni dalili.

Dawa ya kutuliza, kama parasetamoli, inashusha homa. Inafukuza moshi. Moto unaendelea kuwaka chini. Mama akiona mtoto amepoa baada ya parasetamoli, anafurahi na kurudi shambani, na kimelea bado kinapasua damu. Ndiyo sababu waganga wanachoma kidole na kupima. Wanatafuta moto uko wapi.

Kuambukizwa si sawa na kuugua

Maambukizi ni pale mdudu anapoingia mwilini na kukaa. Ugonjwa ni pale mwili unapoanza kuharibika. Katikati kunaweza kupita saa chache au miaka mingi. Kolera inaweza kuanza saa chache baada ya kunywa maji mabaya, au baada ya siku mbili au tano. VVU inaweza kukaa miaka mingi mtu akiwa na nguvu zake zote.

Kwa hiyo VVU na UKIMWI, au Sida kama tunavyosema, si kitu kimoja. VVU ni jina la virusi. UKIMWI ni jina la hali inayofika wakati virusi hivyo vimekwisha kuangusha kinga ya mwili. Leo mtu mwenye VVU anayekunywa dawa zake kila siku anaweza kuishi mpaka uzeeni bila kufikia UKIMWI. Mkristo anayesema «fulani ana Sida» juu ya dada anayekunywa dawa na kuimba kwaya kila Jumapili, anakosea neno, tena anamtenda dhambi mwenzake.

Kifua kikuu nacho ni hivyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu robo ya watu wote duniani wamebeba bakteria wake. Lakini kati ya mia moja waliombeba, ni watano hadi kumi tu wanaokuja kuugua katika maisha yao. Wengine kinga yao inamfungia mdudu ndani kama mfungwa.

Kuna pia magonjwa yasiyoambukiza kabisa: kisukari, presha, kifafa. Nisimame kidogo juu ya kifafa. Wengi wetu tunaogopa povu la mgonjwa, tunadhani likitugusa tutaanguka pia, na tunamwacha mtu aungue motoni bila kumshika. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Povu lake haliambukizi. Wengine wanasema kila mwenye kifafa ana pepo, kwa sababu ya yule kijana aliyeletwa kwa Yesu na baba yake. Lakini tusome pia Mathayo 4:24. Pale mwandishi anapotaja wagonjwa walioletwa kwa Bwana, anataja wenye pepo peke yao, na wenye kifafa peke yao. Maandiko yenyewe yametofautisha, sisi tumeunganisha.

Pozitifu na negatifu

Baba mmoja alipewa jibu la kipimo: «Negatifu.» Akaanza kulia palepale kwenye benchi, kwa sababu alijua negatifu ni kitu kibaya. Mwingine aliambiwa pozitifu kwa kifua kikuu, akaja kwangu akitaka kutoa sadaka ya shukrani.

Katika maabara, maneno haya hayasemi habari njema au mbaya. Yanajibu swali moja tu: kile tulichokitafuta, tumekiona? Pozitifu, au chanya: ndiyo, kipo. Negatifu, au hasi: hapana, hatukukiona. Tena negatifu ya malaria haimaanishi kwamba mtoto ni mzima. Inamaanisha kwamba si malaria iliyoonekana, basi tutafute kitu kingine.

Kinini, antibiotiki, chanjo, serumu

Sasa tufike kwenye dawa. Kwetu kila kidonge tunakiita kinini. Neno hili lina historia. Kinini ilikuwa dawa moja, iliyotolewa katika magamba ya mti wa sinkona, na Wafaransa wawili waliitenga katika magamba hayo mwaka 1820. Miti hiyo ilipandwa hata kwetu Kivu, na kiwanda cha Pharmakina kule Bukavu kimejulikana kwa kazi hiyo. Kwa kuwa ndiyo ilikuwa dawa mashuhuri ya malaria, jina lake likameza majina ya vidonge vyote. Basi tunakwenda famasi au sokoni tunasema «nipe kinini ya tumbo», na muuzaji anatupa kidonge chekundu na cheusi ambacho hata yeye hajui vizuri kinapigana na nani.

Antibiotiki ni dawa ya bakteria. Amoksisilini, tetrasiklini, penisilini ambayo Fleming aliivumbua London mwaka 1928, zote ni za huko. Haziui virusi. Mafua na surua hazisikii antibiotiki. Daktari anaweza kumpa mgonjwa wa surua antibiotiki kwa sababu bakteria wameingia nyuma ya virusi, lakini huo ni uamuzi wake baada ya kumpima. Dawa ya malaria ni nyingine, kwa kuwa kimelea ni mwingine. Na mwenye bakteria akinywa nusu ya dawa na kuacha kwa sababu amepata nafuu, wale wadudu wenye nguvu waliobaki wanaweza kuzaa watoto ambao dawa hiyo haiwashindi tena. Hiyo inaitwa usugu. Ndiyo maana matibabu ya kifua kikuu yanachukua kwa kawaida miezi sita, na muuguzi anasimamia kila kidonge.

Chanjo si dawa ya kumponya aliye mgonjwa. Chanjo inaufundisha mwili kumtambua adui kabla hajaja. Hapa lugha yetu inatuletea shida nyingine. Kuchanja ni kukata, kama kuchanja kuni, tena ni kuchanja ngozi kwa wembe na kutia dawa, kama mfumu anavyofanya. Wazazi wengine wakisikia «chanjo» wanafikiri watoto wanakwenda kuwekewa chale. Ukweli ni kwamba zamani chanjo ya ndui ilikuwa kweli inatiwa kwa kukwaruza ngozi, na jina likabaki. Kwa chanjo hiyo ndui ilifutika duniani. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alikuwa kijana wa Merka, Somalia, mwaka 1977, na mwaka 1980 dunia ikatangazwa huru. Hakuna ugonjwa mwingine wa wanadamu uliofutwa hivyo mpaka leo.

Serumu nayo tunaipenda kupita kiasi. Tunaamini kwamba mgonjwa asiyetundikiwa chupa hajatibiwa. Serumu ni maji yenye chumvi au sukari yanayopitishwa katika mshipa. Ina kazi yake kwa anayeshindwa kunywa. Lakini kwa mtoto anayehara na bado anaweza kunywa, maji ya kunywa yenye chumvi na sukari, yale ya paketi ya SRO, ndiyo yanayookoa. Ukikosa paketi wakati unajiandaa kwenda kituoni, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Mpe kidogo kidogo, usiache njiani.

Mlipuko, na ugonjwa uliojenga nyumba

Redio inasema «mlipuko wa kolera Baraka». Mlipuko ni pale wagonjwa wanapoongezeka ghafla kuliko kawaida ya mahali. Janga la dunia ni pale ugonjwa unapovuka nchi na mabara, kama Korona. Na kuna neno la tatu tunalolisahau: ugonjwa uliojenga nyumba, ambao hauondoki mahali, unalala na kuamka. Kolera kando ya Tanganyika ni hivyo. Imekuwa nasi tangu miaka ya 1970. Haihitaji mchawi wa kuituma. Inahitaji kinyesi cha mgonjwa kifike kwenye maji, na maji hayo yafike kinywani. Mwaka 1994, kule Goma, kolera iliua wakimbizi wa Rwanda kwa maelfu katika majuma machache, kwa sababu watu wengi mno walifika kwa mara moja mahali pasipo na maji safi wala vyoo. Lakini mgonjwa wa kolera akipata maji na chumvi mapema, katika mia moja hafi hata mmoja. Hapo ndipo siku moja ya kuchelewa inapokuwa na maana.

Mpox nayo ilianza kusambaa kwa namna mpya kule Kamituga, jimbo letu hili hili, mwezi wa 9 mwaka 2023. Tarehe 14 mwezi wa 8 mwaka 2024, Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura ya kimataifa. Zamani iliitwa ndui ya nyani, na jina lilibadilishwa mwaka 2022, kwa sehemu kwa sababu lilikuwa linaleta aibu kwa watu. Jina linaweza kumfukuza mgonjwa ajifiche, na mgonjwa aliyejificha anaambukiza wa nyumbani mwake.

Ukoma wa Biblia

Wachungaji wenzangu, tuwe waangalifu pia mimbarani. Ukoma wa Mambo ya Walawi 13 na 14 si ugonjwa mmoja tu. Neno la Kiebrania linashika magonjwa mbalimbali ya ngozi, hata madoa juu ya nguo na juu ya kuta za nyumba. Nyumba haiugui ukoma wa hospitali. Ukoma wa leo unaletwa na bakteria ambaye daktari Hansen wa Norwe alimwona mwaka 1873, unatibika kabisa kwa vidonge, na hauambukizi kirahisi. Tukihubiri kana kwamba mwenye ukoma wa leo ndiye yule najisi wa nje ya kambi, tunamfukuza mtu ambaye dawa yake iko tayari, tena ya bure.

Maswali matatu ya kumwuliza munganga

Wapendwa, sisemi kwamba tuwe madaktari. Nasema tusione haya kuuliza. Nimewafundisha wamama wa kanisa letu maswali matatu, nami nawaachia ninyi: Je, huu ni ugonjwa gani, au ni dalili tu bado? Unaletwa na mdudu yupi: bakteria, virusi au kimelea? Dawa hii ni ya kumwua, au ya kutuliza, na nitainywa siku ngapi?

Paulo alipomtaja Luka katika barua kwa Wakolosai, alimtaja kwa upendo kama tabibu, hakuona shida kumtaja hivyo. Mimi bado ninaombea wagonjwa usiku wakibisha mlango. Ila sasa, baada ya kusema amina, ninavaa viatu na kuwasindikiza mpaka kwenye kituo cha afya. Na vidonge vilivyobaki nyumbani kwangu simpi mtu tena.

Bwana awalinde ninyi na watoto wenu.